Kosa la Bei Nafuu

Mtu yeyote aliyewahi kumuuzia Kavugho kitu anaukumbuka mgongo wake. Hakuwa mtu wa kupiga kelele sokoni. Alishika kitu, akakigeuza, akataja bei yake mara moja, na muuzaji akikataa, alishukuru kwa adabu, akageuka, akaanza kwenda zake. Hakutazama nyuma. Kazi yote iliyobaki ilifanywa na mgongo ule, na mara nyingi hakuwa amefikisha hatua kumi kabla ya kusikia: "Mama, rudia basi, tusemezane."

Ujuzi huo aliuokota Luofu, alikozaliwa, ambako mama yake alilima viazi na kuwauzia watu wa malori. Akiwa msichana wa miaka kumi na miwili, Kavugho aliona kwamba mtu wa lori ndiye anayeondoka, na mama yake ndiye anayebaki na viazi vinavyoanza kuchipua. Anayeweza kuondoka ndiye anayepanga bei. Hakuna mtu aliyemfundisha. Aliona tu, akaamua kwamba yeye atakaa upande wa wanaoondoka.

Alifika Butembo na beseni moja la maparachichi. Miaka ishirini na mitano baadaye alikuwa na duka lake Bulengera, nyumba ya matofali ya kuchoma, bati ambalo halijashika kutu, na binti aliyemaliza sekondari, Christa. Mume alikuwepo, kisha akawa hayupo. Kavugho hakulizungumzia hilo, kwa kuwa halikuwa na faida. Mafuta ya mawese aliyafuata mwenyewe hadi Beni na kurudi nayo kwenye Fuso ya kukodi, hata miaka ile ambayo wanaume walikuwa wanaiogopa barabara.

Kwenye shirika lao, yaani zile familia ishirini na kitu za Wakatoliki wa mtaa mmoja wanaosali pamoja kila juma, walimchagua kuwa responsable, kiongozi wao. Hakujidanganya kwamba walimchagua kwa utakatifu. Walitaka mabenchi, na Mama Christa ndiye aliyejua mbao nzuri zinapatikana wapi na kwa bei ya mtu anayejua.

Basi Majilio yale Padri Muyisa akaleta jambo jipya.

Dominika ya kwanza, mshumaa mmoja ukiwa umewashwa kwenye duara la matawi ya misipre, Padri alisimama mbele ya watu akasema: "Kila mwaka munapaka nyumba chokaa, munashonesha batoto nguo ya Noëli, munachinja mbuzi. Muzuri. Mais kama ndani ya nyumba kuko mutu munamukwepa ku njia, ile chokaa inamupokea nani? Mwaka huu kila mukubwa wa nyumba ataandika ku karatasi jina moja. Moja tu. Jina ya mutu yeye mwenyewe alimukosea. Dominika ya tatu, ku shirika yake, ataita yule mutu, atamumwangia maji ku mikono, na batakula ku sahani moja mbele ya bengine. Na ba-responsables njo batatangulia."

Watu waliguna. Kavugho hakuguna. Alisikiliza kama anavyosikiliza masharti ya mtu anayemuuzia mzigo, akitafuta pale palipoachwa wazi, na hakukawia kupaona. Padri alisema jina moja. Hakusema jina kubwa.

Tatizo ni kwamba jina kubwa lilikuwa limeshafika. Lilifika kabla hajafungua kalamu, na mwenye jina alikuwa ameketi benchi la tatu nyuma yake, upande wa dirisha, akishona kifungo cha shati la mtoto wa mtu mwingine huku misa ikiendelea.

Florentine.

Alikuwa amehamia mtaa wao tangu Agosti, akitokea Vulamba alikokaa kwanza kwa ndugu. Siku ya kwanza alipoingia kwenye shirika, Kavugho alimtambua kabla hajataja jina, akaangalia chini, akajifanya anatafuta kurasa za kitabu cha nyimbo. Florentine alimsalimia kama alivyowasalimia wengine: "Jambo, Mama responsable." Hakuonyesha lolote. Kavugho akajiambia kwamba mtu anayekimbia haangalii nyuso za watu. Akaishi na maneno hayo miezi minne, na kila juma yalizidi kuwa mepesi mkononi, kama mfuko wa maharage uliotoboka.

Ilikuwa miaka mitatu nyuma, barabara ya Beni. Asubuhi ile risasi zilisikika mbali, upande wa mashamba, na kufika saa nne barabara ilikuwa imejaa watu wenye magodoro kichwani. Dereva wa Fuso alisimama kidogo kukaza tairi. Ndipo mwanamke mmoja akaja akisukuma chukudu, ule mkokoteni wa mbao wa magurudumu mawili, na juu yake mashini ya kushona, ile ya kukanyaga kwa miguu, nzima na meza yake. Nyuma yake kikongwe mmoja alitembea ameshika kiuno.

"Mama, mutubebe. Mimi na mama yangu na mashini. Nitalipa tukifika."

"Gari imejaa," Kavugho alisema. "Nafasi ya batu haina." Kisha akaitazama mashini, akazungusha gurudumu lake kwa kidole, akasikia lilivyokuwa laini. "Ile naweza kununua."

Mwanamke akataja bei. Ilikuwa bei ya haki, hata ya huruma. Kavugho akataja yake, akashukuru, akageuka. Mwanamke akamwita, akashusha bei. Kavugho akageuka tena. Mara nne alishusha, na mara ya nne dereva alikuwa ameshawasha gari, na Kavugho akasema akiwa na mguu mmoja juu ya ngazi: "Gari inaenda. Sema sasa ao ubaki nayo." Aliipata kwa dola thelathini. Juma lililofuata aliiuza Butembo kwa mara tano ya hizo.

Hilo halikumnyima usingizi. Bei ni kile ambacho watu wawili wamekubaliana, na walikuwa wamekubaliana. Kilichomsumbua kilikuwa kitu kingine, kidogo, ambacho alikiona yeye na watu wa gari tu: wapakizi walipoipandisha mashini, waliiweka ndani, katikati ya mapipa, chini kabisa, pale ambapo watu wawili wangekaa vizuri tu na miguu yao wakainyoosha.

Kwenye karatasi akaandika: Gérard.

Gérard alikuwa jirani yake, mchoma matofali, mtu mnene mwenye kicheko cha bure. Jumanne asubuhi alimkuta anapanga matofali mabichi juani.

"Gérard, nilikuandika ku karatasi ya Padri."

Gérard akaweka tofali chini polepole. "Mimi? Ulinikosea lini?"

"Juu ya miyenzi. Ile miti ya mupaka. Niliisogezaka ku parcelle yako."

"Mama Christa, ile miyenzi tuliipandaka pamoja. Hata chai ulinipatia."

"Najua. Dominika ya tatu tutasema hatukupandaka pamoja."

Gérard alimwangalia, akaelewa, akaanza kucheka hadi akashika tumbo. "Donc unatafuta mutu wa kukosewa! Na weye ulivyo na batu wengi! Uliza tu ku soko, batapanga mustari mupaka ku rond-point!"

"Unakubali ao hapana?"

"Kukosewa ni kazi, Mama Christa. Muke wangu ataniuliza juu ya nini nilimuficha. Lete jerikani mbili ya kasiksi, ile pombe yako ya ndizi."

"Moja."

"Moja. Na useme mbele ya batu Gérard alikuwa na haki."

"Haki ya nini? Kosa hakuna!"

"Ile ya bure njo ninataka. Miaka kumi na tano tuko majirani, siku hata moja haujasema Gérard iko na haki."

Kavugho akashukuru, akageuka, akaenda. Alifika kwenye miyenzi yenyewe. Nyuma yake alisikia matofali yakigongana. Gérard alikuwa amerudi kazini anapiga mluzi. Hakuitwa. Akasimama pale kama mtu aliyesahau kitu, kisha, kwa mara ya kwanza tangu Luofu, akarudi mwenyewe.

"Jerikani moja," alisema. "Na haki."

"Na useme kwa sauti," Gérard akaongeza.

Akakubali. Aliporudi nyumbani alijisikia kama mtu aliyenunua hewa, tena kwa bei iliyopanda. Christa alimuuliza mbona kasiksi inatoka wakati Noëli bado. "Ni ya Padri," akajibu, na uongo ule mdogo ulimchoma kuliko ule mkubwa, kwa kuwa aliusema akimwangalia mtoto wake machoni.

Majuma mawili yale mji ulikuwa kwenye shughuli zake za Desemba. Chokaa ilinunuliwa, mbuzi walishuka kutoka Lubero, na mafundi wa kushona hawakulala, maana Butembo hakuna mzazi atakayekubali mtoto wake aende misa ya Noëli na nguo ya mwaka jana. Kila baraza lenye mashini lilikuwa na foleni. Florentine hakuwa na mashini. Aliketi kando ya njia na sindano ya mkono, akipindisha upindo wa masuruali na kubadilisha zipu, kazi ndogo ambazo wenye mashini walikuwa wanazikataa. Kavugho alianza kupita njia ya chini, ile yenye matope, ili asimwone. Matope yale yalimharibia viatu vyema, na hakulalamika kwa mtu.

Dominika ya tatu shirika lilikusanyika sebuleni kwa Kavugho saa nane mchana, baada ya misa. Mshumaa wa tatu, ule wa rangi ya waridi, ulikuwa umewashwa juu ya meza. Bugali, sombe ya majani ya muhogo na maharage vilikuwa tayari chini ya kitambaa. Katekista Kitsa, mzee mwembamba aliyesoma kila kitu kama tangazo, akasoma habari za Yohana Mbatizaji na watu waliomwendea mtoni kumuuliza wafanye nini. Watoza ushuru waliuliza. Askari waliuliza. Kavugho alisikiliza hadi mwisho, akafurahi kimoyomoyo kwamba wafanyabiashara hawakutajwa.

Kisha akasimama, kwa kuwa ma-responsable ndio wanatangulia.

"Mimi nilimukosea jirani yangu, Gérard. Nilisogeza miyenzi. Gérard…" Akamgeukia mwenyewe. "Gérard alikuwa na haki."

"Sauti," Gérard akanong'ona.

"Gérard alikuwa na haki!"

Watu wakapiga makofi. Wakamshangilia, maana hakuna aliyewahi kusikia maneno hayo yakitoka kinywani mwa Mama Christa. Gérard alinyoosha mikono akamwagiwa maji, akajifuta machozi ambayo hayakuwepo, akasema mbele ya wote kwamba ile miyenzi ilimnyima amani miaka mingi, hata chakula kilikuwa hakishuki. Mke wake alimtazama tumbo akafunga mdomo. Wawili wale wakala tonge mbili kwenye sahani moja, na Kavugho akarudi kwenye kiti chake akiwa amelowa jasho mgongoni, akijiambia: imekwisha.

"Mwingine?" Kitsa akauliza.

Florentine akasimama.

Alikuja mbele na karatasi yake imekunjwa mara nyingi hadi imekuwa kama kipande cha sabuni. Hakuifungua, aliiweka tu chini kando ya meza. Akachukua birika la maji na beseni, akatembea, akasimama mbele ya kiti cha Kavugho.

"Jina yangu niliandika ni ya Mama responsable," alisema. "Mama, pengine haunikumbuke. Ku njia ya Beni, siku tulikimbia, ulinunua mashini yangu. Tulifika hapa na miguu na pikipiki, na ile franga yako njo ililipa pikipiki ya mama yangu. Mais miye nilikulaani. Mwaka muzima. Kila nikisali nilikuwa nasema, Mungu, yule mama wa Fuso, na yeye siku moja akose pa kupanda. Niliambia batu weye ni mwizi. Kiisha mama yangu, mbele ya kufa, aliniambia: Flora, yule alikuwa mutu wa mafuta, mashini atajulia wapi bei? Na gari ilikuwa imejaa. Bote balipita, yeye alisimama. Niliona mama iko na haki. Nilikuhukumu bure. Tangu Agosti niko natafuta namna ya kukuambia. Nihurumie."

Watu walikuwa na nyuso za watu wanaotaka kulia kwa furaha. Mtu mmoja nyuma alisema "Wasingya, Nyamuhanga," asante Mungu. Florentine akapiga goti.

"Leta mikono, mama."

Kavugho alileta mikono. Hakujua afanye nini kingine. Maji yakaanza kushuka, ya baridi, juu ya vidole vile vile vilivyozungusha gurudumu. Alikuwa mtu wa hesabu za haraka, na hata sasa kichwa chake kilifanya kazi yake bila kuulizwa: nyamaza tu. Ukinyamaza, unatoka hapa na kila kitu. Mwanamke huyu anataka kukusamehe wewe kosa lako na kukuomba radhi juu yake. Hakuna soko lililowahi kutoa namna hii. Kilichohitajika ni kuitikia kwa kichwa. Aliona aibu, akaona pia kwamba hakuna mtu mwingine aliyeiona. Wote walidhani ni unyenyekevu.

Akaondoa mikono.

"Acha," alisema. "Simama. Florentine, simama."

"Mama?"

"Bei nilijua."

Birika lilikuwa bado limeinama. Maji yaliendelea kumwagika kwenye beseni.

"Nilijua bei ya mashini mbele wewe ufungue kinywa. Niliuza juma ile ile kwa mara tano. Na gari haikukuwa imejaa. Mashini yako tuliiweka ndani, pahali ya batu wawili. Pahali yako na mama yako." Alisikia sauti yake ikiendelea, kavu, kama anayetaja bidhaa. "Kama ningebapakiza, haungeuza. Njo maana nilisema imejaa. Na siku ulifika hapa, nilikujua. Miezi ine nilikujua."

Kisha akageuka kwa watu, kwa kuwa alishaanza. "Na miyenzi, tuliipandaka pamoja na Gérard. Nilimulipa kasiksi."

Macho yote yakamwendea Gérard, ambaye alikuwa bado na tonge mdomoni. Akameza kwa shida. "Jerikani nitarudisha," akasema.

"Iko na kitu ndani?" mke wake akauliza.

"Nusu."

Mtu mmoja akacheka, akakatisha kicheko chake kama aliyekanyaga mwiba.

Florentine aliliweka birika chini, taratibu, kama kitu kinachoweza kuvunjika. "Ulijua," alisema.

"Nilijua."

"Na nafasi ilikuwa."

"Ilikuwa."

"Mama yangu alitembea mupaka giza, ile siku. Muguu yake haikuponaka." Alikuwa hasemi kwa hasira. Alisema kama anayepanga vitu mezani aone vinavyokosekana. "Alikufa bila kukuchukia. Miye nilifurahi juu ya ile. Nilisema, hata ile moja tu tuliipata." Akaichukua karatasi yake pale sakafuni, akaiweka kifuani ndani ya nguo, akatoka. Hakubamiza mlango, wala hakulia.

Bugali lilipoa. Wengine walikuwa na majina yao mifukoni lakini hakuna aliyesimama. Kitsa alifunga sala kwa haraka, akiruka mistari. Kavugho alisema atawaachia kiti cha responsable, na mzee mmoja akajibu bila kumwangalia, "Mabenchi bado mawili ya kutengeneza," na hilo ndilo lililokuwa jibu la shirika. Wakatoka mmoja mmoja. Wengine walimpa mkono, wengine walipita kama wanaopita karibu na mgonjwa.

Aliosha sahani mwenyewe. Christa alikuja akasimama karibu naye na kitambaa cha kupangusia.

"Mama, juu ya nini uliyasema mbele ya batu bote?"

"Ulitaka ninyamaze?"

"Hapana. Mais alikuwa amepiga goti. Aibu yake yeye nani ataibeba? Ungemuomba mukae peke yenu, umuambie pole. Ulichagua saa yako. Tena."

Kavugho aliirudisha majini sahani aliyokuwa ameshaiosha. Hadi dakika ile, chini kabisa ya aibu yake, alikuwa ameweka sarafu moja ndogo: kwamba angalau mwishoni alisema ukweli. Sasa mtoto aliichukua hata ile. Alikuwa ameona hawezi kuendelea kubeba mzigo, akautua, na akautua juu ya mtu yule yule, akiwa kwenye magoti.

Jumatatu na Jumanne alizunguka mji mzima akitafuta mashini. Hakutafuta mpya ya plastiki. Alitaka ya chuma, ya kukanyaga, yenye meza. Aliipata kwa fundi mmoja aliyekuwa anastaafu, na fundi alipotaja bei, ambayo ilikuwa ya wazimu, Kavugho aliilipa. Fundi alishangaa hadi akaanza kuikagua mwenyewe kuona kama ameacha kitu cha dhahabu ndani.

Jumatano asubuhi alitembea nyuma ya chukudu hadi kwenye chumba cha Florentine, chini ya mteremko. Florentine alikuwa ameketi mlangoni, mwangaza ukimwangukia magotini, anashona upindo wa gauni dogo jeupe. Rundo la nguo za watoto lilikuwa kwenye ndoo pembeni. Hakusimama. Aliitazama mashini kwanza, kisha mwenye chukudu, kisha Kavugho.

"Muiweke pale," alisema, akaonyesha ndani, chini ya dirisha.

Wakaiweka. Florentine aliingia, akainama, akavuta droo, akatazama mkanda, akazungusha gurudumu, akasikiliza. Alikuwa na uso wa mtu anayenunua.

"Ni muzuri," akasema. "Ninakamata. Mashini ulikuwa nayo yangu, umerudisha. Ya mashini imekwisha."

Kavugho alikuwa amejiandaa kukataliwa. Njia nzima alikuwa amepanga maneno ya kumsihi aipokee. Kukubaliwa haraka namna ile kulimwacha amesimama katikati ya chumba na mikono mitupu. Akapiga magoti pale pale, kwenye sakafu ya udongo, na magoti yake, ambayo hayakuwa ya msichana, yalipiga kelele.

"Florentine, nihurumie. Juu ya mama yako. Juu ya dominika."

Florentine alikuwa anatia uzi kwenye sindano ya mashini. Alijaribu mara mbili kabla uzi haujapita.

"Bado," alisema.

"Nitakuja lini basi? Mbele ya Noëli, ao…"

"Usiniulize lini." Sasa alimgeukia, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda. "Weye mama! Siku ile ulinifanyisha mbio. Sema sasa, gari inaenda. Dominika tena ulinifanyisha mbio, mbele ya batu. Unataka na musamaha nifanye mbio? Noëli itafika na siku yake, ile Padri anajua. Ile yangu mimi mwenyewe sijue. Pengine juma ijayo, pengine mwaka. Pengine hapana. Ukitaka kungoja, ngoja. Mais usingojee hapa, niko na kazi."

Kavugho aliinuka kwa kushika ukuta. Alipofika nje alisikia mashini ikianza, kwanza kwa kusitasita, kisha sawasawa.

Akapanda mteremko kwa njia ya juu, ile iliyo wazi, ambako kila mtu alikuwa anamwona. Maisha yake yote alikuwa anajua kungoja. Aliwahi kungoja mafuta yapande bei miezi mitatu, mapipa yamefungwa, bila kutikisika. Lakini kule alikuwa anangoja akiwa na kitu mkononi ambacho mwingine alikitaka. Hata Majilio yenyewe alikuwa ameyaishi hivyo, mwaka baada ya mwaka: siku inajulikana, chokaa imenunuliwa, mbuzi amefungwa, mgeni akifika atakuta tuko tayari na hatudaiwi. Haikuwahi kumjia akilini kwamba anayengojewa angeweza kuwa na sababu za kutokuja.

Dominika ya nne Florentine alikuja kwenye shirika. Kulikuwa na wasiwasi alipoingia. Watu walisogeleana kwenye mabenchi, wakampa nafasi kubwa kuliko aliyohitaji. Aliketi upande wa dirisha. Hakumsalimia Mama responsable, na Mama responsable hakujaribu kumlazimisha amtazame. Kitsa aliwasha mshumaa wa nne, akawakumbusha mambo ya Noëli: saa ya misa, nani ataleta maua, nani atafagia uwanja. Imebaki siku tatu, alisema, na watu wakaanza kunong'onezana habari za unga na mchele. Gérard aliuliza kama atapewa kazi yoyote, na mke wake akamwambia afagie.

"Na Mama Christa?" Kitsa akauliza. "Tukuandike wapi?"

Kavugho aliiacha mikono yake miwili magotini. Alisema wamwandike popote.

Wakamwandika kubeba mabenchi.